Msichana wa Maji

Siku Bénite alipomwambia mama yake kwamba amekubali kuwa msichana wa maji, Agar alikuwa uani akipanga viazi vilivyotoka Masereka mafungu mafungu, tayari kwa soko. Aliacha fungu nusu, akakaa palepale juu ya gunia.

Huo ulikuwa mwaka wa 2000, na pale mtaani kwao Kimemi hakukuwa na mtoto asiyeijua kazi hiyo. Wapiganaji wa Mai-Mai wa milimani hawakwenda vitani kabla ya kunyunyiziwa maji ya dawa, ili risasi ikimfikia mtu igeuke tone tu la maji, na anayeyanyunyiza ni lazima awe binti ambaye hajamjua mwanaume. Bénite alikuwa na miaka kumi na sita. Kaka yake, Mathe, alipigwa risasi na askari kwenye barabara ya Beni akiwa juu ya baiskeli, na tangu mazishi yale msichana hakulia wala hakuimba kanisani. Sasa alikuwa amepata la kufanya. Uso wake uling'aa, na Agar akauogopa uso huo kuliko bunduki zote zilizokuwa mjini.

Aliujua vizuri. Ulikuwa uso wake mwenyewe, mwaka wa sitini na nne, waasi wa Simba walipomwuliza kama amewahi kulala na mtu, naye akawajibu kwa majivuno yote ya mtoto wa mwinjilisti kwamba hapana, yeye ni safi.

“Kaa hapa,” alimwambia binti yake. “Niko na neno, hata baba yako alikufa bila kuijua.”

Akamsimulia. Jinsi alivyowanyunyizia wanaume kwa tawi la majani, asubuhi, karibu na Beni, wote wakimwita mama ingawa wengi wangeweza kumzaa. Jinsi walivyowaendea askari wa serikali huku wakiimba, wakaanguka barabarani kabla ya kufika popote. Wachache waliorudi hawakumlaumu mganga, wala hawakulaumu risasi. Walimjia yeye. Walisema amelala na mtu na kuyachafua maji, na ule mkono ulioshika tawi wakauponda kwa mchi wa kutwangia. Tangu hapo haukuweza tena kufunga ngumi, na watoto wake walikua wakiamini kwamba mama alianguka utotoni.

“Kama ningemupata ule mutoto nilikuwa, ningemuambia neno moja tu,” Agar alisema. “Bakikuuliza, danganya. Sema ndiyo, nimejua mwanaume. Batakucheka, batakutukana, lakini batakuacha. Bénite, mutoto yangu, sema ndiyo.”

Bénite alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima. Aliushika ule mkono mbovu akaupapasa, na Agar akadhani ameshinda.

“Pole, mama,” binti akasema polepole. “Lakini ile mayi iko na nguvu. Kama bale balikufa, basi sheria ilivunjika. Pengine ulikuwa mutoto, haukujua vile ulifanya. Miye sitavunja.”

Agar alitaka kulia, kikamtoka kicheko kibaya. Kila maiti aliyemtaja, binti yake alimpokea kama ushahidi kwamba anatakiwa mtu safi zaidi. Aliyoyasema ili kumzuia ndiyo yaliyomsukuma. Siku zilizofuata aliomba akiwa jikoni, akiwa sokoni, akiwa njiani, na maombi yale yalikuwa ugomvi mtupu na Mungu.

Muyisa, mtu wa Mai-Mai aliyejifanya muuza makaa, alikuja Jumapili mchana baada ya ibada. Alikuwa mpole, hilo lazima lisemwe. Alivua hata kofia. Desturi yao ilimtaka aulize waziwazi, mbele ya mzazi na mbele ya shahidi. Shahidi alikuwa Abigaïl, binti wa jirani na rafiki wa Bénite, ambaye hakuwa amevua bado nguo yake ya kwaya.

“Bénite,” Muyisa aliuliza, “umekwisha kujua mwanaume, ao hapana?”

“Hapana.”

“Anadanganya,” Agar akasema.

Akaendelea upesi kabla moyo haujamgeuka. Alisema kuna dereva wa malori kule Kasindi, mpakani, mtu mwenye mke, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfuata binti huko na kumrudisha nyumbani.

Bénite hakukana. Alimtazama mama yake, mdomo wazi, akingoja aambiwe kwamba ni mzaha. Alipoona haambiwi, aligeuza uso ukutani. Agar aliyaona yote yanayokuja: kanisa zima litajua, shangazi zake wa Beni watajua, hakuna ukoo utakaoleta mbuzi wa mahari kwa ajili ya mtoto huyu. Iwe hivyo, alijiambia. Anichukie, lakini awe hai.

“Aksanti, mama,” Muyisa alisema, na alimaanisha. “Ungenyamaza, batu betu bangekufa bure.” Kisha akamgeukia shahidi. “Na weye?”

Abigaïl alisimama, akanyoosha nguo yake ya kwaya. “Hapana. Miye niko safi.”

Uso wake uling'aa.

“Huyu pia,” Agar akaanza. “Huyu pia, kule Kasindi...”

“Huyu pia, mama?” Muyisa alimkatiza, na safari hii hapakuwa na upole. “Na dereva ile ile?”

Ndipo Bénite akasema, uso ukiwa bado ukutani: “Abigaïl hajajua mutu. Miye najua. Naapa mbele ya Mungu.”

Muyisa akamwamini palepale, yeye aliyekuwa ameambiwa sasa hivi kwamba msichana huyo ni mwongo. Abigaïl alimshukuru rafiki yake, akamwambia Muyisa twende kwetu, ukamuulize mama yangu, naye atakujibu. Agar akamshika Abigaïl mabega, akawa anamwambia sema ndiyo, mwanangu, sema ndiyo tu, naye, mtoto aliyelelewa vizuri, akangoja amalize. Kisha akamwambia, “Bakia na amani, Mama Mathe,” akatoka na Muyisa.