Mita Sabini na Mbili

Siku ya Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, Mama Pasi alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akatundika koti kwenye msumari, akamkuta binti yake mdogo amelala kifudifudi kwenye dari, anafanya hesabu za shule.

"Viatu umevua?" aliuliza.

"Nimevua."

"Na soksi je? Soksi zako zinaacha alama."

Mtoto huyo, ambaye kwa sababu ya mdomo wake nyumba nzima ilimwita Chiriku, alivua soksi akaziweka kando, nazo zikakaa hukohuko juu. Alieleza kwamba chini hakukuwa na mahali pa kufungulia daftari. Mezani kulikuwa na sufuria, kitandani kulikuwa na nguo za kukunja, na kaka yake alikuwa amekalia nafasi iliyobaki. Mama Pasi alitupa macho chumba kizima akaona mtoto hasemi uongo. Alimpandishia ufagio, kwa kuwa pembe za dari zilikuwa na utando wa buibui, kisha akaenda kubandika chakula.

Mumewe aliporudi alimkuta Chiriku bado yuko juu, na kaka yake wa miaka kumi na miwili amemfuata.

"Mmepandaje?" aliuliza.

"Unasimama juu ya meza, Baba, unainua miguu. Usiifikirie tu."

"Mimi nina presha," alisema baba, akakaa kwenye kiti ambacho, kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale, kilikuwa kitupu.

Walikuwa wanaishi ghorofa ya tatu, katika chumba kimoja kikubwa cha nyumba ya zamani, kilichoandikwa kwenye mkataba kuwa na mita thelathini na sita za mraba. Mama Pasi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kutwa nzima alisimama mbele ya mashine yenye magurudumu ya moto, yeye upande mmoja na mwenzake upande wa pili, wakiilisha shuka moja baada ya jingine, pembe kwa pembe. Ukizubaa inachukua kidole. Mumewe alipanga masanduku kwenye ghala la mboga, lakini mkewe bado alimwita Mwalimu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo alipomwoa, na hakuona sababu ya kubadilisha.

Mtoto wao wa kwanza hakuwepo. Walipoondoka kwao miaka mitatu na ushee iliyopita, nauli na ada za vibali zilitosha watoto wawili, wakamwacha binti mkubwa kwa bibi yake akiwa na miaka kumi na minne. Walimwambia miezi sita. Sasa alikuwa amebakiza miezi minne kutimiza kumi na minane, na kwa sheria za ofisi ya wahamiaji, mtu akitimiza kumi na minane hana tena wazazi wa kumleta.

Masharti ya kumleta yalikuwa mawili, na Mama Pasi aliyajua kama anavyojua namba ya simu ya mama yake. La kwanza, kila mtu wa kaya awe na mita tisa za mraba. La pili, kaya ikishalipa kodi, kila kichwa kibakiwe na kiasi fulani cha fedha kila mwezi. Kwa chumba walichokuwa nacho, fedha ilitosha watu watano, kwa kujibana, na kwa Mwalimu kuingia zamu za Jumapili. Lakini mita zilitosha wanne tu. Walitafuta nyumba kubwa zaidi mtaa hadi mtaa. Kila iliyokuwa na mita za kutosha ilikuwa na kodi ya kuwarudisha nyuma kwenye sharti la pili. Nyumba ikitosha, mshahara hautoshi. Mama Pasi alikuwa amelipeleka jambo hilo kwa karani wa dirisha la tatu mara mbili, na mara zote mbili karani alimjibu kwa upole kwamba wengi wako hivyo.

Jumamosi aliosha dari kwa maji ya sabuni. Alianzia mlangoni akamalizia dirishani, amepiga magoti, ndoo iko kando yake, maji yametulia ndani ya ndoo. Alipofika katikati, kwenye taa iliyosimama wima mbele yake kama ua, alinyanyua kichwa akamwona mumewe chini, amejilaza kitandani anamtazama.

"Mwalimu, dari ina mita ngapi?"

"Zilezile za chini. Thelathini na sita."

"Jumla?"

"Sabini na mbili." Alikaa kitako kitandani. "We mwanamke, unawaza nini?"

"Ninawaza mtoto wangu," alisema, akaendelea kusugua.

Mpimaji wa ofisi alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye ubao wa kuandikia na futi ya kamba. Alipima sakafu kwanza, kama kawaida yake. Kisha alivua viatu bila kuambiwa, akapanda mezani, Mwalimu akamshikia meza, akainua miguu. Alipima dari kutoka ukuta hadi ukuta. Nyumba ilikuwa ya zamani, yenye ukuta mrefu, hivyo alipojinyoosha kuandika uso wake ulikuja sambamba na uso wa Mwalimu, mmoja wima na mwingine kichwa chini, wakawa wanazungumza macho kwa macho.

"Hii taa vipi?"

"Tunaizunguka," alisema Mwalimu.

"Kuna anayelala huku?"

"Watoto. Na magodoro mawili ni ya huko, kama unavyoyaona."

Mpimaji alifungua kijitabu cha kanuni akasoma kwa kidole. Kanuni ilisema eneo linalokaliwa, lenye nafasi ya mtu mzima kusimama. Haikusema lielekee upande gani. Alikubali. Aliuliza tu kama wanatumia na kuta.

"Kuta hatujajaribu," alisema Mama Pasi.

"Basi sitaziandika. Sasa niambieni, niandike zile tisa mnazopungukiwa, au niandike dari yote?"

Mwalimu alifungua mdomo kusema tisa. Mkewe alimwahi.

"Andika yote. Msije kesho mkasema tulificha."

Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, mwenzake wa upande wa pili wa mashine alisahau kuandika kwenye fomu kazi ya wiki mbili aliyoifanya kwenye duka la maua. Alirudishwa kwao na mizigo miwili. Tangu hapo Mama Pasi alikuwa anaandika kila kitu. Aliandika hadi feni aliyopewa bure. Aliamini ofisi inaweza kukusamehe ukosefu, lakini haikusamehe ukiacha nafasi wazi kwenye fomu. Mpimaji aliandika sabini na mbili, akagonga muhuri, akashuka, akavaa viatu.

Jioni ile walimpigia simu binti mkubwa. Chiriku ndiye aliyeropoka habari kabla mama yake hajakohoa. Binti aliuliza achukue nguo gani. Mama yake alimwambia achukue zinazomtosha na aache zinazombana, asije akajaza begi bure.

Barua ya mwenye nyumba ilifika baada ya siku kumi. Ofisi ilikuwa imempelekea nakala ya vipimo, kama taratibu zinavyotaka, naye alikuwa amepiga hesabu yake. Nyumba ilikuwa na mita sabini na mbili, na yeye alikuwa akilipwa za thelathini na sita. Hakudai ya nyuma. Kuanzia mwezi unaofuata, kodi ingekuwa mara mbili.

Mama Pasi alimfuata kwake. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo mwenye huruma kwa kila jambo isipokuwa kodi. Alimkaribisha, akampa chai.

"Dada yangu," alisema Mama Pasi, "dari hiyo ilikuwepo tangu siku tunaingia. Hukuwahi kuitoza."

"Hamkuwa mnaikaa."

"Tutashuka. Kuanzia leo hakuna mtu juu."

"Mkae msikae, ipo. Na imeandikwa. Mimi mwenyewe nitatozwa kodi ya serikali kwa mita zilizoandikwa, unataka nitoe mfukoni kwangu?"

"Na mzee wa ghorofa ya nne je? Dari yetu si sakafu yake?"

"Yule analipa upande wake," alisema mwenye nyumba. "Ongeza sukari, mama, chai hiyo umeiacha inapoa."

Kwa kodi mpya, fedha iliyobaki haikutosha watu watano. Haikutosha hata wanne vizuri, ila hao wanne walikuwa wameshaingia na hakuna aliyewahesabu upya. Mama Pasi alienda dirisha la tatu na barua ya mwenye nyumba mkononi. Alimwomba karani apunguze mita, abakize zile zinazohitajika.

Karani alitazama kwenye kompyuta. "Nikipunguza, itaonekana mlitoa taarifa isiyo ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli."

"Ndiyo maana siwezi kuipunguza."

"Basi nipe njia, mwanangu. Wewe ndiye unayekaa hapo."

Karani alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, na aliona haya kidogo. Alimshauri aongeze kipato. Kipato kipya kingekubaliwa kikionekana kwenye hati za mshahara za miezi mitatu mfululizo. Mama Pasi alihesabu kwa vidole palepale mbele ya kioo. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kasoro siku nane.

Hata hivyo alijaribu. Alichukua zamu ya pili ya mashuka, na Mwalimu akaacha kupumzika kabisa. Watu wa kiwandani walisema Mama Pasi sasa anapiga pasi hata akisimama kituo cha basi, mikono inanyoosha vitu visivyokuwepo. Hati ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka. Zile siku nane hazikupatikana popote. Aliwauliza wenye kiwanda kama wanaweza kumlipa mapema. Walimjibu kwamba mwezi una urefu wake.

Binti mkubwa alitimiza miaka kumi na minane siku ya Jumatano. Mama yake alimpigia wakati wa mapumziko, amesimama kati ya matoroli ya mashuka.

"Hongera, mwanangu."

"Asante, Mama."

Mashine zilikuwa zinanguruma.

"Zile nguo za kunibana nimeshazigawa," alisema binti.

"Ulifanya vizuri."

"Bibi anasema nisimame nikupe shikamoo."

"Mwambie nimepokea. Bado umesimama?"

"Nimekaa."

"Basi kaa," alisema mama yake. "Kengele imelia. Nitakupigia Jumapili."

Kodi ilibaki mara mbili, na sasa familia ilikuwa inalipia dari kila mwezi, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuiacha. Mwalimu alisahau presha yake akahamishia kitanda juu. Meza ilibaki chini. Watoto walikula kichwa chini wakati wazazi wanakula kichwa juu, wakapokezana chumvi katikati. Mzee wa ghorofa ya nne alikuja kuomba watembee polepole, maana alikuwa anasikia nyayo chini ya nyayo zake. Walimwomba radhi, wakatandika zulia.

Upande mmoja wa dari, mita tisa, ulibaki mtupu. Hakuna aliyekuwa ameamua uachwe. Kila aliyefagia aliufagia na kila aliyehamisha kitu alikipeleka kwingine. Mwezi wa nne wa kodi mpya Mama Pasi aliweka tangazo kiwandani kwamba ana sehemu ya kupangisha.

Aliyekuja alikuwa msichana mgeni wa kwenye mashine ya taulo, ana begi moja. Aliuliza bei, akatajiwa. Haikuwa bei ya huruma wala ya kukomoa. Ilikuwa gharama ya mita tisa.

"Choo kiko wapi, shangazi?"

"Chini. Unashuka kama ulivyopanda. Ukiwa na usingizi shikilia ukuta."

Msichana alisimama juu ya meza, akainua miguu, akatandika godoro lake. Mama Pasi aliandika mpangaji kwenye fomu, jina, umri na kiasi anacholipa, akapeleka dirisha la tatu. Miezi mitatu ilipotimia, kukiwa na kodi ya msichana na zamu za ziada, ofisi ilijibu kwa barua yenye muhuri. Ilisema kaya imetimiza masharti yote mawili, na inaruhusiwa kuleta mtegemezi mmoja, awe na umri usiozidi miaka kumi na saba. Mwalimu aliisoma kwa sauti hadi mwisho, kama alivyokuwa akisoma darasani. Mkewe aliipokea, akaikunja pembe kwa pembe, akaiweka kwenye mkoba wa vibali.

Jumapili saa kumi alasiri alimpigia binti mkubwa kwa simu ya picha. Alikuwa amekaa juu, amejiegemeza ukutani, na kule upande wa pili binti aligeuza simu yake juu chini ili waonane sawasawa, kama walivyozoea siku hizi. Walizungumza habari za bibi, miguu yake, na bei ya dawa. Binti alikuwa amepata kibarua cha kuuza vocha. Kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Nani huyo amelala nyuma yako?"

"Mpangaji."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

Binti alilitazama godoro. Hakuwahi kuingia katika nyumba ile, lakini alikuwa ameiangalia kila Jumapili kwa zaidi ya miaka mitatu, na alijua mahali kila kitu kilipo.

"Mama, mwambie asilalie kichwa upande wa dirisha. Pale panapitisha baridi, hata pazia huwa naliona linacheza."

Simu ikiwa mkononi, Mama Pasi alimtikisa msichana bega. Msichana aliamka, akasema shikamoo kwenye simu kwa mtu asiyemjua, akaligeuza godoro.