Baraka Iliyokatika Saa Nane

Ananie Mbusa hakuwa na fundi. Yule aliyemfungia antena alikuwa Kampala, na barabara ya mpakani ilikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki. Hakuwa na kitabu cha mashine kwa lugha aliyoisoma. Hakuwa na chombo cha kupimia umeme ila ulimi wake, ambao mkewe alikuwa amemkataza kuutumia. Hakuwa na njia ya kufika Kinshasa, ambako binti yake Josée alikuwa anaolewa, wala hakuwahi kumwona Hénock, mchumba mwenyewe, isipokuwa katika picha iliyofunguka polepole kwenye kompyuta, nywele kwanza, viatu mwisho.

Antena alikuwa nayo: sahani kubwa nyeupe uani kwake Mususa, mtaa wa mji wa Butembo mashariki mwa Kongo, imeinuliwa kutazama mbingu za magharibi. Aliinunua ili aagize vipuri vya pikipiki. Ilikuwa Septemba 2002, vita vimeikata nchi vipande, lakini kwa sahani ile mtu wa Butembo aliweza kumwuliza mtoto wake wa Kinshasa kama amekula, na kumsikia akijibu.

Katika ukoo wao msichana haolewi kabla baba hajatamka baraka kwa sauti, shangazi akisikia. Walipatana saa nane mchana, Josée akiwa na nafasi ya kwenda cyber. Siku ya kwanza Ananie alisalimia, akauliza habari za wakwe, akakohoa, akaanza, "Mwanangu, mimi baba yako..." Laini ikakatika. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alifika kwenye "nakubariki", taa ya mashine ikageuka nyekundu. Iliporudi kijani, bila mtu kuigusa, Josée alikuwa ameondoka.

Kavira, dada mkubwa ambaye Ananie humwita yaya, aliyetoka Beni kwa shughuli hiyo, alijifunga kitenge upya.

"Ananie, mambo iko wazi. Bakubwa bale balikufa banakatala."

"Yaya, ni mashine."

"Mashine inajua kuchagua neno? Unamusalimia mutoto, inakuacha tu. Unataka kumubariki, inakata. Mara tatu! Hata mbuzi ingeelewa."

Jioni ukaingia ujumbe wa Josée: "Papa, nimepata maneno ya shangazi. Baraka ikikatwa mara tatu, siwezi kuolewa. Nitamwambia Hénock. Sitakuja tena cyber."

Ananie hakula. Asubuhi alibadilisha waya, akafunga viungo upya, akazima jenereta na kutumia betri, akakata matawi ya mkaratusi yaliyokuwa karibu. Saa nane laini ikakatika. Hapo ndipo aliposhtuka, maana siku hiyo hapakuwa na mtu aliyekuwa akimbariki mtu.

Kesho yake alibeba kigoda, akaketi kando ya sahani. Mkewe Godelive alisimama dirishani kuangalia taa.

"Iko kijani!" akaita. "Na maharagi yangu inaungua, donc ufanye mbio."

Mbele ya sahani, vyuma vitatu vilishikilia kichwa kidogo kinachopokea sauti kutoka juu. Kivuli cha kichwa hicho kilianguka ndani ya sahani, pembeni. Ananie akakiona kinatembea, taratibu, kama mdudu anayepanda ukuta, mpaka kikafika kitovuni.

"Nyekundu!"

Hakugeuka. Aliipa sahani mgongo, akakinga macho kwa kiganja, akatazama kule inakotazama. Palikuwa na jua tu.

Aliwahi kuambiwa na fundi kwamba satelite imening'inia juu ya ikweta, haisogei. Ikweta ni ule mstari tunaouvuka tukienda Lubero bila hata kupunguza mwendo. Na mwezi wa tisa jua nalo hupita juu ya mstari huohuo. Kwa siku chache, kila mchana, moto ule mkubwa ulikuwa unapita nyuma ya kidude kilichotengenezwa na watu, ukaijaza sahani kelele yake, na sauti ya mtoto ikamezwa. Akavua kofia.

Kavira alitoka nje. Ananie akamwonyesha jua, kisha kivuli. Kikasogea, kikaacha kitovu.

"Kijani!" Godelive akaita.

Kavira aliketi chini, kwenye majani.

"Kwa hiyo ni jua njo ilipita kati yako na mutoto?"

"Njo vile, yaya. Iko na njia yake. Haikumukatala mutu."

Kavira aliinua uso, mwanga ukimtoa machozi.

"Yote ile inapitana kule juu," akasema, "na siye tuko hapa na maharagi."

"Maharagi imekwisha kuungua," Godelive akajibu.

Wakacheka. Kisha Kavira akanyoosha kidole. "Andika barua. Sista Emérence anapanda ndege Beni kesho, anaenda Kinshasa. Na useme mimi nimeona na macho yangu. Weye ni baba, unataka harusi, mutoto hatakuamini."

Ananie aliandika. Alichora sahani, kivuli na jua. Chini yake akaandika baraka nzima, akiisoma kwa sauti neno kwa neno, na Kavira akiitikia kila mstari. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Godelive akaleta kibonge cha bugali, Ananie akakipaka na kubana ukingo kwa dole gumba mpaka ukashika. Kavira akaitia barua kifuani, akapanda nyuma ya pikipiki, ikashika barabara ya Beni.