Mtu Mmoja wa Mji Huu

...na Glenys ameshasema ifutwe, Trevor ameshasema ifutwe hata leo hii, sasa msichana wa kura ya maoni amemgeukia yeye, "Na wewe, mama? Sheria ya Haki za Binadamu: ifutwe, irekebishwe, au ibaki ilivyo?", na Beryl anakoroga chai ambayo hajaitia sukari, maana mikono lazima ifanye kitu, na Trevor anacheka, "Hiyo ni ya wahalifu na mawakili wao, nionyesheni mtu mmoja, Mwingereza wa kawaida wa mji huu, aliyewahi kuonja faida yake," na mtu huyo amekaa hapa hapa klabuni, kiwiko kwa kiwiko naye, wakingoja mchezo wa bingo uanze, ni Beryl mwenyewe, yeye na marehemu mumewe Norman, wakati halmashauri ilipotaka kuwatia katika nyumba mbili za kutunzia wazee, huyu huku na yule kule, baada ya ndoa ya maisha mazima, hakuna nafasi ya wawili, wakasema, poleni sana, mpaka mwanasheria wa bure alipowakumbusha kwamba sheria hii inalinda familia, na nafasi ikapatikana, eti ikapatikana! chumba kimoja, vitanda vimesogezwa vikagusana, Norman akafa amemshika mkono... lakini hapa mezani alisema halmashauri iliwaonea huruma, ndivyo alivyosema, kwa kuona haya, maana kwao mtu hadai, anashukuru, anayedai ni mkorofi, na Glenys alilia, "Unaona, mwenzangu, ukiwa muungwana na watu wanakufanyia uungwana," na tangu hapo kila Alhamisi wanamwekea kiti, na bila kiti hiki ana nini, ana chumba kile na pengo ulipokuwa ubavu wa Norman... "Jibu basi, Beryl, bingo inatusubiri," Glenys anampapasa bega, kwa upendo, upendo wa kweli, na hapo ndipo panapouma, kwamba anayepapaswa ni mwanamke mwingine, yule muungwana asiyedai, ambaye hayupo, na yeye mwenyewe hajawahi kukaribishwa hapa hata Alhamisi moja, upweke aliokuwa akiukimbia amekuwa akiketi nao wakati wote huu, sasa akisema kweli atapoteza nini, anajiuliza, anatafuta, haoni kitu, msichana bado anangoja, Trevor bado anacheka...