Jamaa Asubiri Nje

Kazini wananiita Kipaza. Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nadhani ni sifa.

Kliniki yetu ni ya wagonjwa wa moyo. Kila asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita watu, mimi husimama mbele ya mabenchi na kuwahimiza wajaze karatasi ya matakwa. Nawaambia bila kuzungukazunguka: iko siku mtu anaweza kulala kitandani akashindwa kusema, na sisi tutataka kujua kama tumwekee mashine ya kupumulia au tumwache apumzike. Basi aseme sasa, akiwa na akili zake timamu, na amchague mtu wa kumsemea siku hiyo. Wengi huguna. Wapo wanaonitazama kana kwamba nimewaletea jeneza. Sijali. Mdomo ninao, na hapa hakuna anayenishinda kwa kushawishi.

Sheria moja niliitunga mwenyewe na kuibandika mlangoni: mgonjwa akijaza karatasi, jamaa asubiri nje. Nilikuwa nimechoka na watoto wa watu. Unamuuliza mzee anataka nini, mtoto anadakia. Kuwatoa nje kulikuwa kunanipa raha, nisiseme uongo.

Wiki iliyopita ikafika zamu ya mama yangu. Moyo wake umepanuka. Akipanda ngazi kidogo tu anashika ukuta. Alisindikizwa na wifi yangu, mke wa kaka, mwanamke mkimya anayeshona sare za shule, ambaye miaka yote sikuwahi kumtia maanani. Nilimwacha wifi kwenye benchi, nikaingia na mama. Sheria yangu haikunijia hata akilini. Mimi si jamaa, mimi ni muuguzi.

Mezani alikaa mwenzangu tunayemwita Bibi Miwani, kwa kuwa haturuhusiwi kuwahudumia watu wetu. Lakini nilikuwa nimeshamrahisishia kazi. Karatasi nilikuja nayo kutoka nyumbani, imejaa tayari: mashine, ndiyo, kulazwa, ndiyo, kila kinachowezekana kifanyike. Mahali pa msemaji niliandika jina langu. Ilibaki mama atie sahihi tu.

Bibi Miwani akamsomea. Mama alisikiliza, mkoba mapajani. Lilipotajwa jina langu, akasema, "Hapo futa."

Nikacheka. Nikamwambia Bibi Miwani kwamba mama hajaelewa.

"Nimeelewa," mama akasema. "Mwandike mkwe wangu, yule aliye nje."

Uso ulinichemka. Nikamuuliza anawezaje kumwacha mtoto wake wa kumzaa, tena muuguzi, akamchukua mshona nguo asiyejua hata presha inapimwaje. Nilisema kwa sauti yangu ileile ya kwenye mabenchi. Mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba.

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Yeye huniuliza, mwanangu," akasema. "Wewe hunijibia."

Niligeuka kwa Bibi Miwani nimweleze mama alikuwa na maana gani. Hata hapo! Mwenzangu akavua miwani, akaifuta taratibu ili asinitazame, kisha akaniomba kwa upole nisubiri nje. Tangazo lilikuwa pale mlangoni, kwa mwandiko wangu.

Wagonjwa niliowahubiria asubuhi walinitazama, kisha wakaanza kutafuta vitu mifukoni mwao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wifi akasogeza mfuko wake wa vitambaa, nikakaa. Alikuwa amesikia kila kitu, nami nilijua, naye hakunisema. Niliona aibu hata kuweka mikono yangu mapajani karibu na yake.

Palepale kwenye benchi nikaanza kujihoji. Yule dereva mstaafu aliyeketi benchi la mbele hataki mashine, nalijua hilo. Mwalimu wa pembeni yake anataka afie nyumbani, nalijua pia. Ya mama yangu sikuyajua hata moja.

"Wifi," nikasema, safari hii kwa sauti ya chini, "mama anataka nini?"

Akanitazama bila kejeli yoyote. "Si yumo humo ndani, wifi. Muulize."

Mlango ukafunguliwa. Mama akatoka polepole, kiganja ukutani. Nilimpokea mkoba, nikamkalisha kati yetu, nikasubiri pumzi yake itulie. Halafu nikamuuliza, na wallahi nilikusudia kuuliza kweli: "Mama, siku hiyo ikifika, unataka tukufanyie nini?"

Akaniangalia usoni, kimya, mpole kama kawaida yake. Nilingoja jibu. Nilichelewa kung'amua kwamba na yeye alikuwa anangoja, kama alivyozoea, nimjibie.