Nukta Iliyoitwa Kwetu

Asubuhi hiyo Gracien hakukaa akakalika. Mara afungue kompyuta, mara aifunge, mara asimame dirishani kutazama pikipiki za teksi zikigombania abiria hapo chini, katika mtaa wa Manika, Kolwezi. Na kazi yenyewe ilikuwa kuchagua maktaba tu. Si maktaba ya vitabu, bali ya msimbo: zile programu ambazo watu huziandika kwa lugha ya Python na kuziacha wazi mtandaoni, achukue atakaye.

Ofisi yao ilikuwa ya wapimaji ardhi. Tangu udongo uanze kudidimia upande wa mtaa wa Mashamba, kuta za nyumba zikapasuka na familia zikaanza kuhamishwa kwa nguvu, watu walikuwa na swali moja: mahandaki ya zamani ya mgodi yanapita chini ya nyumba ya nani? Ramani zilikuwapo, ila zilichorwa enzi za wakoloni kwa vipimo vya Katanga ya kale, ambavyo simu za leo hazivijui. Ilitakiwa maktaba ya kuvigeuza. Ukikosea, unamfukuza mwenye nyumba salama, na jirani yake unamwacha alale juu ya shimo.

Alijaribu mbili. Ya kwanza ilikuwa maarufu, ina sifa kedekede na watunzaji wengi. Alipoipa vipimo vya Katanga haikulalamika wala kuuliza. Ilijibu upesi, ikauhamisha mnara wa mgodi, ambao kila mtu Kolwezi anaujua, ikausimamisha katikati ya soko. Mjinga anayenyamaza ana nafuu, bwana. Wa kuogopwa ni huyu mwenye jibu la kila kitu. Ya pili ilikuwa ndogo, imeandikwa na mtu mmoja tu, Ntambwe wa Mbuji-Mayi, huko Kasai. Hiyo iliuweka mnara pale pale ulipo.

Gracien akafurahi, akafungua faili ya majaribio, maana mtu makini haamini sifa za msimbo. Hutazama mwandishi aliupima kwa kitu gani. Ntambwe alikuwa ameupima kwa nukta tatu: stesheni ya treni, parokia, na moja aliyoiita "kwetu". Gracien akaibonyeza. Ramani ikasogea Manika, ikaingia avenyu yao, ikasimama juu ya nyumba yao.

Marehemu baba yake, tata Nkulu, alizoea kusema nyumba ile waliipata kazini. Lakini ni nani Kolwezi asiyejua ya mwaka tisini na tatu, wenye asili ya Kasai walipofukuzwa, wakarundikana stesheni wakingoja treni, nyumba zao zikabaki nyuma yao? Gracien alijua. Hakuwahi kuuliza wao walipewa nyumba ya nani, na si kwamba alisahau kuuliza.

Wiki nzima akawa mtu wa kuzunguka. Usingizi aliusikia kwa wengine. Mkuu wake, Mukalay, alikuwa na sharti moja lisilopindishwa: haichukuliwi maktaba yoyote kabla mwandishi wake hajaandikiwa na kujibu, kwa sababu msimbo usio na mtunzaji ni yatima. Gracien aliona mlango wa kutokea. Angesema tu kwamba Ntambwe hajibu. Nani angekwenda Mbuji-Mayi kuhakikisha? Ile maarufu ingechukuliwa, na jina la Ntambwe lisingesikika tena ofisini.

Akaanza hata kuiandika taarifa hiyo. Ndipo alipoingia mama Kabemba, mjane wa upande wa Mashamba, kuuliza kama alale ndani na wajukuu au nje. Ukuta wake ulikuwa umefunguka kiasi cha kupitisha mkono. Gracien alishindwa kumtazama usoni. Alipoondoka, akaifuta taarifa, akapiga moyo konde, akamwandikia Ntambwe maswali ya kazi tu, bila neno juu ya nyumba.

Jibu lilikuja kesho yake. Ntambwe alieleza kila kitu kwa Kifaransa kilichonyooka: baba yake alikuwa mpimaji mgodini, vipimo vya kale alivirithi kwake. Mwishoni akageukia Kiswahili cha nyumbani.

"Ndugu, neno moja. Ile nukta ya 'kwetu' niliiweka na kichwa tu, sababu tulitoka mi ningali mutoto. Ukipita pale, simama ku mulango, upime, unitumie. Nataka kujua kama ningali nakumbuka muzuri."

Gracien aliyasoma maneno hayo hadi herufi zikamchezea machoni. Siku ile ile akaipendekeza maktaba ya Ntambwe na Mukalay akatia sahihi. Nyumba ya mama Kabemba ilionekana iko juu ya handaki, naye akafunga vitu vyake kabla ya jioni.

Ikabaki nukta. Gracien alichukua kifaa cha kupimia, akaenda kusimama mlangoni kwao. Mama yake, mama Mwadi, alikuwa barazani akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye ungo, akamuuliza anapimia nini nyumba ambayo haiuzwi. Akamwambia yote, hakuficha. Mikono ya mama ikasimama juu ya majani.

"Ni mutoto wa mama Bilonda, mwenye hii nyumba," akasema. "Tulikuwaka tunasali pamoja. Siku balibafukuza, alinipatia ufunguo. Akasema, 'Mwadi, unichungie nyumba.'"

"Na wewe, mama?"

"Mi nilichunga. Mwaka moja, miaka mbili. Kisha tukaingia."

Hakulia. Alisema wakati ule mvua ilikuwa inavuja walikopanga, na watoto walikuwa wanakohoa, na Bilonda hakuandika. Kisha akasema yeye mwenyewe pia hakuandika, ingawa alijua treni ilikwenda wapi. Gracien aliona hasira na huruma zikimpanda pamoja, akashindwa kuchagua.

Akatazama kifaa. Ntambwe alikuwa anakumbuka vizuri. Hakukosea hata kwa upana wa mlango. Gracien akaandika namba, akaanza kuandika jina lake, mama akamshika mkono.

"Andika yangu kwanza, mutoto wangu. Ufunguo ni mi njo nilipewa. Na umuulize kama Bilonda angali muzima."

Akaandika hivyo: kwamba nukta ni sahihi, kwamba nyumbani humo wanakaa Mwadi na mtoto wake, kwamba Mwadi anauliza habari za Bilonda. Akatuma. Mama akanyanyua ungo wake, lakini hakuingia ndani. Wakabaki wote wawili nje ya mlango, hawajui waingie kama akina nani.