Ndiyo ya Elpidius

Elpidius alipopata kiharusi, kijiji kizima cha Igurwa kilimpenda ghafla. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa hapana. Ukimwomba mkungu wa ndizi, hapana. Ukimwomba akuazime panga, hapana, na panga lenyewe unaliona limeegemea ukuta. Wazee wa usharika waliokuwa wakichangisha mabati ya kanisa walipita njia ya juu ili wasikutane na uso wake. Sasa ugonjwa ulikuwa umemwachia neno moja tu mdomoni, na neno hilo, Mungu naye ana utani wake, lilikuwa ndiyo.

Daktari alikuwa amewaeleza vizuri, yeye na mkewe Stephania, huku akiinua picha ya kichwa kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kushoto wa ubongo, huku mbele, kuna sehemu inayotengeneza maneno. Hiyo ndiyo iliyokosa damu. Sehemu ya nyuma yake, inayoelewa maneno ya watu wengine, ilikuwa salama. Na kwa kuwa ubongo wa kushoto ndio unaotawala mwili wa kulia, mkono wa kulia nao ulikuwa umelala.

"Akili yako ipo yote, mzee," daktari alisema. "Kilichofungwa ni mlango wa kutokea."

Elpidius alielewa kila neno. Hayo ndiyo yaliyokuwa mateso yake.

Maana watu walimiminika. Aliyetaka miche ya migomba aliuliza, akajibiwa ndiyo. Kwaya ilitaka mbuzi wa sikukuu, ikajibiwa ndiyo. Ndani ya kichwa Elpidius alikuwa anapiga kelele hapana, hapana, hapana, mpaka jasho likamtiririka shingoni, na wao wakasema tazama, anatokwa jasho kwa furaha ya kutoa. Stephania aliwafuata hadi njiani, akamrudisha mbuzi akimvuta kwa kamba. Kwaya ikasema mama huyu ana roho mbaya, amlilie Mungu ampe upole wa mumewe.

Angeweza kukataa kwa ishara, utasema. Kichwa alikitikisa, wakasema ni kiharusi kinachomtetemesha. Ulibaki mkono wa kushoto, uliokuwa mzima. Lakini Elpidius alikuwa amelelewa. Baba yake alimchapa hadi akakoma kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto au kumwelekezea mtu kwa mkono huo. Kiharusi kiliua maneno lakini hakikugusa fimbo za baba. Kwa hiyo aliuficha mkono wake mzima chini ya blanketi, na watu walipoona hautikisiki wakasema huo nao umekwisha.

Ndipo akaja Polikarpi, mdogo wake.

"Shikamoo, kaka."

"Ndiyo," alisema Elpidius.

Polikarpi alivuta kigoda karibu. Alizungumza kwa huruma kubwa. Kibanja hiki, nyumba na shamba lote la migomba na kahawa, kinahitaji mwanaume mwenye nguvu, alisema, na hii mibuni ya zamani ing'olewe ipandwe mikaratusi, na shemeji Stephania atajengewa kachumba kule nyuma ya jiko, mwanamke mmoja anahitaji nafasi gani? "Unanikabidhi kibanja, kaka?"

Mibuni ile Elpidius alikuwa ameipanda na Stephania mwaka waliooana. Alikusanya nguvu zote, akabana meno, akalisukuma lile hapana kutoka tumboni.

"Ndiyo."

Polikarpi alilia machozi ya shukrani, kisha akaenda kuita ukoo.

Ukoo ulikaa sebuleni siku ya Jumapili baada ya ibada, mbele ya rubisi, pombe ya ndizi ambayo Polikarpi aliileta mwenyewe. Mwenyekiti alikuwa mzee Clavery, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mtu ambaye hawezi kukuomba chumvi bila kukueleza inavyofanya kazi mwilini. Alimuuliza mgonjwa swali mbele ya mashahidi, na mashahidi wakasikia ndiyo.

"Subirini," alisema Stephania. Alimgeukia mumewe. "Baba Edith, wewe ni askofu?"

"Ndiyo."

"Umewahi kubeba mimba?"

"Ndiyo."

Watu wakacheka mpaka rubisi ikawapalia. Elpidius aliona aibu, lakini alijua mkewe anampigania, akamwombea.

Clavery hakucheka. Aliweka miwani sawa. "Huu ni ushahidi wa kisayansi," alisema. "Ubongo una sehemu tatu, wa mbele, wa kati na wa nyuma. Mtu akidai ni askofu mwenye mimba, zote tatu zimezimika. Hii ni redio iliyoganda stesheni moja. Na asiye na akili, kwa utaratibu wa ukoo, kibanja chake hupewa msimamizi."

"Nani?" aliuliza mtu.

"Polikarpi, nani mwingine?"

Kumbe akikubali, kibanja ni cha Polikarpi, na asipojua anachokubali, ni cha Polikarpi vilevile. Stephania alikaa chini sakafuni. Elpidius alimtazama.

Kilichobaki kilikuwa kutafuna buni za kahawa, kama ilivyo desturi, ili shauri lifungwe. Kila mtu pale alijua kwamba anayegawa kahawa ndiye mwenye nyumba. Kikapu kidogo cha buni, chenye kifuniko, kilikuwa mezani karibu na mgonjwa, na Polikarpi, uso umemng'aa, alinyoosha mkono kukichukua.

Blanketi lilianguka. Mkono wa kushoto wa Elpidius ulikuwa umetua juu ya kikapu.

Elpidius alikivuta hadi mapajani, akafungua, akachota buni chache. Alihisi fimbo za marehemu baba yake mgongoni, moja baada ya nyingine, akazivumilia. Kisha akamnyooshea Stephania.

"Kwa kushoto!" alifoka Clavery. "Na kuanza na mwanamke!"

Stephania alipokea kwa mikono miwili, akilia. Mkono ukarudi kikapuni, ukaja kwa Clavery mwenyewe. Mzee alitazama kile kiganja cha matusi, akapokea. Kahawa ni kahawa. Ukaenda kwa Winston jirani, ukaenda kwa Jovin mtoto wa shangazi. Ulipofika kwa Polikarpi, kiganja chake kikiwa wazi kinangoja, ukampita taratibu ukampa Verdiana aliyekaa nyuma yake. Halafu Elpidius akafunga kikapu kwa kifuniko na kuuweka mkono juu yake.

Hakuna aliyetafuna. Clavery alizigeuza buni zake kiganjani, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu akaufunga bila kufundisha kitu.

Polikarpi alikuwa bado amenyoosha mkono. "Kaka," alisema, akijaribu kucheka. "Umenisahau."

Elpidius alikivuta kikapu karibu na tumbo.

"Au umeninyima makusudi? Mbele ya watu?"

Elpidius hakukaza tumbo, wala hakubana meno. Alivuta pumzi kwa raha ya mtu aliyekaa kwake.

"Ndiyo," alisema.