Maji ya Buluu ya Shangazi

Jumamosi asubuhi mtafiti alikuta maji aliyoogea shangazi yake yamegeuka buluu kwenye beseni. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Kwa miaka sita alikuwa akiyeyusha vipande vya kompyuta mbovu kwenye tindikali ili kuvuna shaba na dhahabu iliyomo, na buluu ile aliijua: gramu mbili za shaba kwa kila lita. Hata hivyo alitumbukiza msumari ili ajiridhishe. Walipomaliza chai, msumari ulikuwa umevaa shaba hadi kichwani.

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Na usinianzie udaktari wako. Shida ni huyu jirani, eti namwaga rangi mtaroni hadi kwake, soksi za wanawe zimekuwa buluu."

Shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kutengeneza redio mbovu za watu. Maabara ilipohitaji mtu mwenye mikono myepesi, mtafiti hakutafuta mbali. Shangazi alipewa chumba cha nyuma, akawa anapasha moto bodi za kompyuta hadi lehemu ilainike, kisha anachomoa vipande kimoja kimoja kwa koleo. Moshi haukuwa na pa kutokea. Siku ya kwanza fundi alikuja, akachora duara la chaki ukutani pa kutoboa kwa ajili ya feni, akaenda zake. Mtafiti alikuwa ameandika barua nne za kuomba feni hiyo. Duara bado lilikuwepo, maana shangazi alilikoleza kwa chaki kila lilipofifia.

Kilichomsumbua mtafiti kazini ni kwamba shaba iliyoingia maabarani haikulingana na iliyotoka. Kila mwezi asilimia nne ilipotea. Alikuwa amefungua mabomba, amechuja matope ya sinki, hata alimshuku mlinzi, Mungu amsamehe. Sasa alichuchumaa mbele ya beseni akapiga hesabu, na asilimia nne yote ilikuwa pale, pamoja na chembe ya dhahabu iliyobaki kwenye taulo. Alilia. Ni yeye aliyemwombea ile kazi.

Jumatatu alimpelekea mkurugenzi msumari na barua ya tano. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, wa kusoma barua hadi mwisho. Aliugeuzageuza msumari, akampongeza.

"Kumbe hakuna kilichopotea."

"Kimo mwilini mwa shangazi yangu, bosi. Ndiyo maana naomba feni."

Mkurugenzi alifikiri. "Sasa feni ikivuta moshi, hiyo asilimia nne si itaishia hewani?"

Mtafiti alirudia hesabu kichwani, na ilikuwa sahihi.

Jumatano lililetwa bafu la kulalia, la plastiki, kwa kuwa la chuma lingejinyakulia shaba. Liliwekwa chumba cha nyuma, chini ya duara. Kila Ijumaa shangazi alipewa nusu saa ya kuloweka mwili, maji ya moto na pazia. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuoga kifahari vile. Soksi za jirani zikarudi kuwa nyeupe. Wageni walikuja kutoka maabara nyingine kuulizia mbinu, na mkurugenzi akawaeleza kwa masikitiko kwamba itabidi kila mmoja atafute shangazi yake.

Mtafiti hakukubali mtu mwingine ammwagie shangazi maji. Ijumaa moja alikuwa akimsugua mgongo, ambao siku hizi ulikuwa mzito na wa baridi hata ndani ya maji ya moto. Shangazi alikohoa kwa muda mrefu, akatema kwenye chupa iliyowekwa kwa kazi hiyo.

"Daktari, feni imefikia wapi?"

"Nimeandika tena, shangazi. Barua ya kumi na moja."

"Haya. Nipe chaki basi, limeanza kufutika."

Alisimama huku akichuruzika, akalizungushia duara taratibu, akaketi tena. Mtafiti alisubiri nusu saa iishe. Kisha akachomoa kizibo, na maji yakashuka ndooni bila kupotea hata tone.